Nimeacha pombe miezi saba, kichwa bado hakitulii. Ni ADHD au ndiyo pombe imeshaniharibu?

#1 Kichwa Maji
Wakuu, salaam. Nina miaka 38. Nilianza pombe nikiwa na 17, katikati nikapitia bangi na vidonge vya kukesha. Miezi saba sasa sijagusa kitu.

Nilijua nikiacha akili itarudi. Haijarudi. Ukurasa mmoja nausoma mara nne na sijui nimesoma nini. Naanza kuosha vyombo, nikija kushtuka niko nje nafungua plagi ya pikipiki na jikoni maji yanamwagika. Kazini nimepewa barua ya onyo kwa uchelewaji, na safari hii siwezi kusingizia mning'inio wa jana.

Juzi mshauri nasaha wangu kaniuliza swali lililonikera: "Kabla hujaanza kunywa ulikuwaje?" Nikamjibu nilikuwa mtoto. Akasema hapo hapo ndipo anapopataka. Akaitaja ADHD, huo ugonjwa wa upungufu wa umakini na kutotulia. Mimi nilijua ni mambo ya watoto wanaopanda madirisha.

Mtu mzima anaweza kuwa nao miaka yote hiyo asijue? Au ni kisingizio kipya cha walevi? Nawasilisha.

#2 Ngoja Waje
Naweka kambi hapa. Ngoja waje wajuzi.

#3 Mkongwe wa Jukwaa
Simu hizo mkuu. Enzi zetu hakukuwa na ADHD. Mtoto akihangaika darasani alikuwa anachapwa, anatulia. Leo kila kitu kimepewa herufi nne.

#4 Daftari la Zamani
Mkongwe, heshima yako, ila simu usizisingizie. Daktari wa Scotland, Alexander Crichton, aliandika mwaka 1798 kuhusu watu wasioweza kushikilia wazo moja, wanaovurugwa na kila mlio. Mwaka 1902 George Still akatoa mihadhara London kuhusu watoto wa namna hiyo hiyo. Hakukuwa na simu. Jina ndilo limebadilika kila baada ya muda: mwaka 1980 Wamarekani waliliita ADD, mwaka 1987 wakaongeza ile H ya kutotulia.

Na hao waliochapwa wakatulia, umewahi kufuatilia waliishia wapi? Mimi nawajua wawili. Mmoja ndiye huyu anayeandika.

#5 Nesi wa Zamu
Mtoa mada, nimefanya kazi kwenye matibabu ya uraibu miaka mingi, nitajibu kwa ninachokijua.

Ndiyo, mtu mzima anaweza kuwa nao bila kujua, na kwa walio kwenye uraibu ni jambo la kila siku. Kwa watu wazima kwa jumla makadirio ni kama 2 au 3 katika kila 100. Kwa waliokuja kutibiwa uraibu, uchambuzi wa mwaka 2012 uliounganisha tafiti nyingi ulikuta kama 23 katika kila 100. Karibu mmoja kati ya wanne.

Kwa nini hawaonekani? Mtu akija akiwa na arosto, kila mtu ana dalili hizo: hatulii, hashiki jambo, analipuka. Sisi tunaandika "arosto" tunaenda kwa anayefuata. Akikaa miezi miwili na bado yuko vile vile, tunaandika "hana nia ya kupona". Nimewahi kuiandika hiyo sentensi kwa mkono wangu. Mgonjwa mwenyewe alikuwa anakosa vikao kwa sababu anasahau siku, si kwa sababu hataki.

#6 Jino la Pembe
Naomba nitofautiane. Mimi pia nilikuwa mlevi, tena wa kulala mtaroni, na sikuwa na ADHD wala nini. Nilikuwa napenda pombe. Basi. Tukianza kugawa magonjwa, kila mtu atachukua lake aende nalo nyumbani, na hakuna atakayesema "nilikosea". Asilimia 23 mimi siiamini, inategemea nani kahesabu.

#7 Daftari la Zamani
Jino, hapo mwisho umegonga ikulu bila kujua. Kuna utafiti mkubwa ulifanyika kwenye nchi 10, ukatoka mwaka 2014. Nchi moja walipata asilimia 5, nyingine 31. Ilitegemea pia kilevi ambacho watu wamekuja kukitibia na kitabu cha vigezo kilichotumika. Kwa hiyo ile 23 ya Nesi ni wastani, usiibebe kama uzito wa gunia.

#8 Nesi wa Zamu
Sahihi, Daftari. Asante kwa kuniweka sawa.

#9 Mama Pacha
Niongeze la kwangu kwa sababu naona wanaume mmejaa humu na nyote mnazungumzia kupanda madirisha.

Mimi sikupanda dirisha hata siku moja. Nilikuwa mtoto mtulivu wa dirishani, yaani wa kuangalia nje. Mwalimu akiuliza swali nashtuka kama nimeamshwa. Walinisema ni mzito, ni mvivu, ni mwenye ndoto. Nikajifunza kujificha: naandika orodha, nafika saa nzima kabla ya wakati, narudia kazi usiku wakati wengine wamelala. Nikifika jioni kichwa kinanguruma kama feni mbovu. Mvinyo ndio ulikuwa unaizima. Glasi moja, mbili, mwisho chupa, kisha vidonge vya usingizi juu yake.

Nilipata jibu nikiwa na 41, tena si kwa ajili yangu. Nilimpeleka mmoja wa pacha wangu kufanyiwa tathmini. Daktari anauliza maswali kuhusu mtoto, na mimi machozi yananitoka kwa sababu kila swali ni langu. Akaweka kalamu chini akaniuliza, "Na wewe mama?"

Jino, kaka yangu, mimi nilikosea na nimeomba msamaha kwa niliowaumiza. Kujua jina la kinachonisumbua hakukunifutia deni lolote.

#10 Kichwa Maji
Mama Pacha nimesoma bandiko lako hadi mwisho, mara moja tu. Hiyo kwangu ni rekodi.

#11 Fundi Redio
Mimi nilijua kuna kitu siku ya kwanza nilipopewa unga wa kuchangamsha. Wenzangu wote wameruka, wanaongea kama wametiwa betri mpya. Mimi nikakaa kimya. Nikapanga boksi la vipuri lililokuwa limenishinda mwaka mzima, nikalala. Nikajiambia: kumbe hivi ndivyo watu wengine wanavyojisikia kila siku!

Ndiyo maana nasema huku ni kujitibu. Mtu anatafuta dawa yake, anakosea duka.

#12 Nesi wa Zamu
Fundi, hiyo simulizi naisikia sana na sikukatalii ulivyojisikia, ila isitumike kama kipimo. Mwaka 1978 huko Marekani walijaribu amfetamini, dawa ya kuchangamsha, kwa wavulana wasio na tatizo lolote: nao walitulia na umakini wao ukaongezeka. Kwa dozi ndogo, vichangamshi vinasaidia umakini wa karibu kila mtu. Kwa hiyo "mimi kilinituliza" hakithibitishi ADHD. Nimeona watu wamejipa ugonjwa kwa hoja hiyo tu, na wengine wakaitumia kama ruhusa ya kuendelea.

#13 Bila Breki
Mimi nadharia ya kujitibu sijawahi kuielewa. Najua ina wazee wake, kuna daktari wa Marekani anaitwa Khantzian aliiandika mwaka 1985, kwamba mtu hachagui kilevi kwa bahati nasibu, anachagua kinachogusa kidonda chake. Sawa. Lakini mimi nimekunywa, nimevuta, nimenusa, nimecheza kamari, nimenunua viatu jozi sita siku moja. Viatu navyo vilikuwa vinatibu nini?

Kwangu ilikuwa ni kukosa breki. Mtu akisema "twende" mimi nishavaa. Kati ya wazo na tendo hapakuwa na hata nafasi ya kupitisha karatasi. Pombe ilitangulia tu kwa sababu ndiyo ilikuwa karibu.

#14 Msomaji Kimya
Jozi sita?

#15 Bila Breki
Mbili hazikunitosha. Usiniulize.

#16 Jino la Pembe
Nimerudi. Nimekaa na bandiko la Mama Pacha tangu jana.

Swali langu lingine: mbona hatuzungumzii damu? Baba yangu alikuwa mlevi, hatulii, kazi tatu kwa mwaka. Kaka yangu hivyo hivyo. Isije ikawa hakuna kinachosababisha kingine, vyote viwili vimetoka kwenye chungu kimoja.

#17 Daftari la Zamani
Hiyo ni hoja nzito, Jino. Tafiti za mapacha zinaonyesha tofauti kati ya watu kwenye ADHD inaelezwa na urithi kwa kama asilimia 74, na baadhi ya jeni zinazohusika zinaonekana pia kwenye uvutaji sigara na uraibu. Kwa hiyo chungu kimoja kinawezekana kabisa.

Ila ngoja niwavuruge zaidi. Kule Dunedin, New Zealand, waliwafuatilia watu 1,037 waliozaliwa 1972 na 1973. Walipofika miaka 38 (umri wa mtoa mada!) wakapimwa ADHD. Asilimia 90 ya waliokutwa nayo ukubwani hawakuwa nayo utotoni, na waliokuwa nayo utotoni wengi hawakuwa nayo tena. Matokeo yalitoka mwaka 2015 na kelele zikawa kubwa. Miaka mitatu baadaye timu nyingine Marekani ikachambua mtu mmoja mmoja kati ya wale walioonekana "wameanza ukubwani". Wengi sana waliondolewa kwenye orodha, na sababu zilizotajwa mara nyingi zilikuwa vilevi au ugonjwa mwingine wa akili.

Yaani mtu anaweza kufanana na mwenye ADHD kwa sababu ya vilevi, na mwingine akawa na vilevi kwa sababu ya ADHD. Ukiwakalisha kwenye benchi moja huwatofautishi.

#18 Mkongwe wa Jukwaa
Sasa ndiyo umeharibu kabisa. Tulikuwa tunakaribia jibu.

#19 Kichwa Maji
Ndiyo nashindwa hapa. Mimi nitajuaje niko benchi la nani? Nimejibu lile dodoso la maswali sita mtandaoni, nimepata matano kati ya sita. Nimesoma pia kwamba dalili lazima ziwe zimeanza kabla ya miaka 7. Nani anakumbuka alivyokuwa na miaka sita?

#20 Nesi wa Zamu
Miaka 7 ni kigezo cha zamani. Tangu mwaka 2013 kitabu cha Wamarekani cha vigezo vya magonjwa ya akili kinasema baadhi ya dalili ziwe zilionekana kabla ya 12, na mtu wa miaka 17 kwenda juu anahitaji dalili tano za kundi moja badala ya sita. Hilo peke yake limewafungulia mlango watu wazima wengi.

Dodoso la maswali sita ni la Shirika la Afya Duniani, na ni zuri, lakini ni chujio tu. Linaonyesha nani aangaliwe zaidi. Kwa watu wa uraibu linawakamata wengi wasio nayo.

Kinachosaidia ni historia. Tafuta mtu aliyekujua ukiwa mdogo. Tafuta ripoti za shule, na usome maoni ya walimu, achana na alama. Halafu angalia vipindi ulivyokaa bila kilevi maishani: dalili zilikuwepo? Zamani tulikuwa tunasema mgonjwa akae miezi kadhaa safi ndipo apimwe. Wataalamu wa nchi mbalimbali waliokubaliana mwaka 2018 wanasema tathmini ianze mapema kadiri inavyowezekana na matibabu ya vyote viwili yaende pamoja. Ukimwambia mtu asiye na breki asubiri miezi sita, wengi hawafiki.

#21 Usingizi Mwepesi
Jamani kabla hamjamfikisha kwenye ADHD, mpimeni na mengine. Mimi nilikuwa na kila dalili ya mtoa mada. Nikaambiwa ADHD, nikaamini, nikaanza hata kujisifia. Kumbe nilikuwa nasimama kupumua usingizini mara nyingi usiku. Nilipopewa mashine ya kulalia, nusu ya dalili zilikwenda. Tezi la shingo likizidi kufanya kazi nalo linakupa mahangaiko hayo hayo. Na mtu aliyekulia kwenye kipigo anasikia kila mlango unapofunguka. Huyo utasema hana umakini wakati umakini wake wote uko mlangoni.

#22 Bila Breki
Hiyo ya mlango imenikaa.

#23 Fundi Redio
Na ile nusu iliyobaki?

#24 Usingizi Mwepesi
Bado ipo. Sijui ni ya nani.

#25 Kichwa Maji
Swali la mwisho, ndilo linaloninyima usingizi. Nikikutwa nayo, si nitapewa vidonge vya jamii ile ile niliyokimbia? Mtu wa pombe unampa amfetamini?

#26 Jino la Pembe
Hapo sasa. Kutoka shimo hili kuingia lile.

#27 Nesi wa Zamu
Hofu yako ina msingi, ila tutenganishe mambo.

Kwanza, si zote ni vichangamshi. Atomoksetini ipo sokoni Marekani tangu 2002, haina starehe yoyote, inachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Ilijaribiwa kwa watu wazima 147 wenye ADHD na pombe kwa wiki 12: umakini uliboreka, siku za kunywa kupita kiasi zikapungua. Ila waliorudi kunywa hawakuchelewa kurudi kuliko waliopewa kidonge kitupu. Kwa hiyo si muujiza.

Pili, methilfenideti, ambayo ndiyo kichangamshi. Inagusa dopamini, kemikali ya raha, kwenye ubongo mahali pale pale inapogusa kokeini. Tofauti ni mwendo. Kokeini ikiingia mshipani inafika kileleni ubongoni ndani ya dakika 4 hadi 6. Methilfenideti ikimezwa inachukua kama saa nzima. Ule mpasuko wa raha unaletwa na kasi ya kupanda. Ndiyo maana kidonge kile kile kikisagwa na kunuswa kinakuwa kitu kingine, na ndiyo maana watu wa uraibu hupewa aina inayotoka taratibu, mara nyingi na mtu wa kuitunza.

Tatu, kufaulu si hakika. Majaribio mengi ya dozi ya kawaida kwa waraibu yalisaidia kidogo tu. Sweden walipowapa wafungwa 54 waliozoea amfetamini, wakianza kabla hawajatoka gerezani na kupandisha hadi miligramu 180 kwa siku, dalili zilishuka na mikojo safi ikaongezeka. Hiyo ni dozi kubwa sana na ilikuwa ndani ya utafiti wenye uangalizi. Nimeitaja kwa sababu najua kuna mtu humu atataka kuijaribu. Usiijaribu.

#28 Mkongwe wa Jukwaa
Hizi dawa za Wamarekani tu, wanatengeneza ugonjwa kisha wanauza dawa.

#29 Daftari la Zamani
Mkongwe, methilfenideti ni ya Uswisi. Ilitengenezwa mwaka 1944 na mkemia wa kampuni ya Ciba, Leandro Panizzon. Mkewe aliijaribu kabla ya kucheza tenisi akaona anacheza vizuri. Jina la nyumbani aliitwa Rita. Ndipo likaja jina Ritalin.

#30 Msomaji Kimya
Mimi mke wangu nilimpa jina langu tu, akalalamika.

#31 Mkongwe wa Jukwaa
Hoja yangu ya biashara lakini haijafa.

#32 Daftari la Zamani
Haijafa, na wala siipingi. Kuna mahali watu wanapewa vidonge hivi kama pipi. Ila geuza upande wa pili: methilfenideti iko chini ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971 wa dawa zinazogusa akili, na Shirika la Afya Duniani lilikataa kuiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019 na tena 2021. Sehemu nyingi za dunia huipati hata ukiwa na cheti mkononi.

#33 Mama Pacha
Mimi sikupata kidonge mwaka mzima wa kwanza. Nilisaidiwa na vitu vya kijinga: saa ya mezani inayolia kila nusu saa, funguo kwenye ndoano moja tu, na dada yangu anayekaa kwenye simu kimya wakati nalipa bili. Hasemi kitu. Yupo tu. Nikiondoka mezani anasikia kiti.

#34 Fundi Redio
Funguo mimi nimefunga kamba shingoni kama mtoto wa chekechea. Nina miaka 45.

#35 Bila Breki
Mimi yangu ilikuwa kwenye friji. Wiki mbili.

#36 Jino la Pembe
Kaka yangu niliyemtaja #16, nimempigia jana. Nilikuwa sijaongea naye miaka mitatu kwa ajili ya hela aliyokopa. Nikamuuliza shuleni alikuwaje. Akacheka, akasema, "Wewe ulikuwa unanifanyia hesabu, unaniuliza mimi?" Kumbe nilikuwa namfanyia. Nimesahau kabisa.

Bado sikubali kila mlevi ana ADHD.

#37 Nesi wa Zamu
Hakuna aliyesema hivyo, mkuu. Watatu kati ya wanne hawana.

#38 Jino la Pembe
Basi mimi niko kwenye hao watatu. Kaka sijui.

#39 Kichwa Maji
Wakuu, mrejesho. Shangazi alikuwa ametunza ripoti zangu kwenye bahasha. Darasa la tatu: "Ana uwezo, hamalizi kazi." La nne: "Anaongea bila kunyoosha mkono." La tano: "Anapoteza kalamu kila siku, mzazi afuatilie." Nilikuwa na miaka 11. Pombe sikuijua kwa harufu.

Lakini mwaka huo wa darasa la tatu ndio baba alihama nyumbani. Kwa hiyo ile ya Usingizi Mwepesi kuhusu mlango nayo naiona. Na baba mwenyewe hakuwahi kumaliza kitu, kwa hiyo chungu cha Jino nacho kipo. Nimesoma uzi wote mara mbili na kila mmoja wenu ana kipande changu.

Mshauri nasaha amenipatia daktari wa magonjwa ya akili. Nakwenda Jumanne na bahasha yangu. Shangazi atakuja kutoa ushahidi, kasema ana mengi.

#40 Mama Pacha
Heri, mdogo wangu. Shangazi apewe kiti cha mbele.

#41 Nesi wa Zamu
Jumanne ipi, saa ngapi? Andika sasa hivi kabla hujafunga simu.

#42 Kichwa Maji
Subiri niangalie.